Hapo Usipumue

Jina la Mapafu alipewa na askari wenzake wa bendi, enzi hizo bado ana kiuno cha kuvalia mkanda. Wakati wa mapumziko walikuwa wakishindana: mmoja apulize noti moja ya saksafoni bila kukata, mwingine amimine chai kutoka kwenye birika, kikombe baada ya kikombe. Wengi waliishia kikombe cha pili. Yeye alifika cha tano, na aliyeomba radhi ni mwenye birika, kwamba chai imekwisha. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mtu wa namna hiyo kumpenda ni rahisi, kukaa naye ndiyo kazi. Alipostaafu aligeuza sebule yake kuwa karakana ya ala za kupuliza. Alibadilisha ngozi za vifuniko vya saksafoni, alinyoosha funguo zilizopinda, aliondoa mabonyeo ya tarumbeta zilizokaliwa na watoto wa wenyewe. Jioni alifundisha. Na katika kufundisha alikuwa na agizo moja alilolisema mara nyingi kuliko alivyolitaja jina la mkewe: "Hapo usipumue."

Tusimwonee. Kila mpulizaji na kila mwimbaji analijua agizo hilo. Muziki una sentensi zake kama mdomo ulivyo na zake, na ukivuta pumzi katikati ya neno umelivunja. Ni agizo la kazi, kama fundi cherehani anavyosema usikate hapo. Ndivyo Mapafu alivyojiambia mwenyewe kwa mwaka mzima na nusu tangu afiwe na mkewe, na kadiri alivyojiambia ndivyo lilivyozidi kumkaa kooni.

Cherehani ilikuwa ya mkewe. Mchana alishona sare za shule, jioni aliimba sauti ya kwanza katika kwaya. Alimwita mumewe Baba Watoto, ingawa mtoto walikuwa naye mmoja tu, wa kike. "Huyu mmoja ana fujo za watano," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Miaka yake ya mwisho alikuwa ameshikwa na muziki wa zamani sana, wa Ulaya, wa Baroki ya mwanzo, wa watu waliokufa miaka mia nne iliyopita. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyemwazima karatasi. Kulikuwa na wimbo mmoja hasa, kilio cha mwanamke anayemwita mtu asiyeitika. Chini yake zilikwenda noti nne tu za besi, zinashuka, zinarudi juu, zinashuka tena, mpaka mwisho wa wimbo. Mtunzi aliandika besi na sauti ya mwimbaji, akaweka vinamba vidogo juu ya besi, basi. Vilivyobaki katikati aliwaachia wapigaji wajijazie wenyewe.

"Huyu alikuwa mvivu," alisema Mapafu alipoziona karatasi.

"Au alituamini," mkewe akajibu.

Wakafanya mazoezi pale sebuleni, katikati ya koleo na gundi, yeye akipiga zile noti nne kwa saksafoni kubwa, mkewe akiimba juu yake. Kisha mkewe akafa. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma, maji yakapanda mapafuni, na mwisho alikuwa akilala ameketi. Baada ya mazishi Mapafu alipanga nguo za marehemu, akakuta kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya leso. Daktari alikuwa ameshamwambia mkewe kila kitu miezi minne kabla ya kifo. Naye hakumwambia mtu, si mume, si binti. Mapafu aliirudisha kadi kwenye leso, akaifungia kabatini, akaendelea na ngozi za vifuniko.

Binti yao ni fundi mitambo wa redio, na kazini wanamwita Waya. Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwa baba yake, na kila Jumamosi huja kumpikia, yaani huja kuunguza chakula huku akieleza jambo lingine. Jumamosi moja alikuja na sanduku la bati alilolitengeneza mwenyewe, lenye vifundo kumi na viwili, vikanyagio viwili na kipaza sauti kimoja.

"Piga zile noti nne za mama," akasema.

Mapafu akapiga. Waya akakanyaga. Mapafu akaondoa mdomo, na zile noti nne zikaendelea zenyewe kutoka kwenye spika, zinashuka, zinarudi, zinashuka, safari hii nzito zaidi, kana kwamba chini ya sakafu kuna mtu anaburuta meza. Waya akazungusha kifundo, zikarefuka, zikaingiliana. Mapafu akaweka chini saksafoni kubwa, akachukua ile ndogo iliyonyooka, akapiga sauti ya juu, ile ya mwanamke anayeita. Sanduku likaichukua na hiyo, likairudisha imechelewa kidogo, ya chini kidogo, kama mtu wa chumba cha pili anayeitikia bila kusikia vizuri.

"Kule kujirudia sisi tunakuita kitanzi," Waya akaeleza. "Ukimaliza besi, nakutia kitanzi."

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Wakacheka, na kicheko nacho sanduku likakinasa. Kilizunguka mara sita kabla Waya hajakizima. Hicho ndicho ambacho Mapafu hakukipenda, kwamba sanduku lilinasa kila kitu: vifuniko vikigonga, mate, kiti kikilia, pumzi.

"Toa hizo pumzi," alisema.

"Nikizitoa utasikika kama king'ora cha kiwanda, Baba. Acha."

Akaacha. Ukweli ni kwamba alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Mwalimu wa kwaya alipita siku moja kuchukua klarineti yake, akawasikia dirishani, na kabla ya kukaa akawa ameshawapangia ukumbi wa shule, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Majirani waliambiana kwamba Mapafu amepona. Na kweli pengine angepona, kama si ile kaseti.

Waya aliikuta kwenye droo ya cherehani, chini ya vibandiko na vifungo. Juu yake mama yake ameandika kwa mkono: *Mazoezi. Mimi na Baba Watoto*, na tarehe. Hakumwambia baba. Aliipeleka kazini, akaisafisha, akaiingiza ndani ya sanduku, akaja nayo Jumamosi amejaa tabasamu.

"Kaa, Baba. Kaa kabisa."

Mapafu akakaa. Zikaja noti nne, zake mwenyewe, kutoka kwenye chumba hiki hiki. Kisha akaja mkewe. Hakuja kama wafu wanavyokuja ndotoni, wamenyamaza na kugeuza uso. Alikuja anaimba, karibu, na koo lake lile lenye mkwaruzo mdogo kwenye noti za chini. Mapafu akashika magoti yake. Mkewe akapanda ule mstari mrefu wa katikati, akafika nusu, akapumua. Besi ikakatika.

"Hapo usipumue," ilisema sauti ya mwanamume. "Unakata kilio cha watu. Rudia."

Mkewe akarudia. Akapumua pale pale. "Rudia." Mara ya tatu, alipokaribia mahali penyewe, besi ikaachwa, na ile sauti ikapanda juu ya uimbaji, polepole, kama anayemchunga ng'ombe avuke daraja: "Usipumue… usipumue…" Na mkewe hakupumua. Alipita. Akauvuta mstari mpaka mwisho, na mwishoni sauti ikawa nyembamba kama uzi, lakini haikukatika. Ndiyo mara nzuri kuliko zote alizowahi kuimba. Kisha zikasikika pumzi zake, nyingi, fupi fupi, na kikohozi, na maneno: "Haya. Umefurahi, Baba Watoto?"

Kaseti ikaisha. Waya alikuwa analia na kucheka. Mapafu aliinuka, akaenda kabatini, akafungua leso, akasoma tarehe ya kadi. Kisha akasoma tarehe ya kaseti. Kadi ilikuwa imetangulia kwa siku tisa.

Kwa hiyo mkewe alikuwa anajua. Alisimama pale kwenye kapeti na moyo uliokwisha, daktari ameshamwambia, na mume wake, Mapafu mzima, mtu wa vikombe vitano, bingwa wa kusikia pumzi ya mwanafunzi aliye nyuma ya mlango, hakusikia kitu. Alisikia kosa la muziki.

"Hiyo usiitumie," akamwambia binti yake, na kadi akampa asome mwenyewe.

Nyumba ikaharibika tangu siku ile. Mapafu akikaa kwenye meza ya kazi na saksafoni ya mtu, akiipuliza kujaribu kifuniko, alisikia nyuma ya sikio: usipumue. Aligeuka. Sanduku lilikuwa limezimwa, waya umekunjwa juu ya kiti. Akaliweka jikoni. Akalitupia taulo. Neno halikuwa ndani ya sanduku, na yeye alilijua hilo, lakini taulo aliliacha pale pale. Barabarani akimkuta mwanamke amesimama na mzigo kuvuta pumzi, naye alisimama, hatua chache nyuma, mpaka yule mwanamke aendelee. Wengine walimwona kichaa, mmoja alimuuliza kama ana shida.

Mwanafunzi wake mmoja, msichana wa klarineti, alipumua katikati ya mstari, akainama akingojea kupigiwa kelele. Kelele haikuja.

"Mwalimu, nimekata?"

"Umekata. Pumua unavyotaka."

Msichana akaenda kuwaambia nyumbani kwamba mwalimu anaumwa, na kesho yake mama mtu akaleta machungwa.

Waya alivumilia siku nne. Ya tano akaja jioni, hakupika, hakuvua viatu.

"Baba, na mimi nasema. Kaseti nyingine hakuna. Nimepekua nyumba nzima, nimeuliza kwaya yote. Wewe una miaka thelathini ya kumkumbuka. Mimi sauti yake nina dakika nne, na unaniambia nizifukie."

"Dakika nne ambazo ndani yake namnyonga mama yako. Unataka watu wakae kwenye viti wasikilize?"

"Hukumnyonga. Hukujua."

"Ndiyo ubaya wenyewe."

"Basi niondoe sauti yako."

"Unaweza?"

Waya akatazama chini. Hakuweza. Sauti mbili zilikuwa zimerekodiwa kwa kipaza kimoja, zimekaa pamoja kama chumvi na maji. Ukimtoa baba, na mama anatoka vipande vipande. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kutokea.

Alirudi baada ya siku tatu, macho mekundu. Akalifunua sanduku taulo, akaliwasha. "Sikiliza hapa tu," akasema. "Kwingine nimekata, kile kipande cha kugombeza nimekitupa. Nimebakiza ile mara ya tatu."

Noti nne. Mkewe akipanda ule mstari. Na juu yake sauti ya mwanamume, polepole, ya upole kabisa: "Upumue… upumue…"

Mapafu akamtazama binti yake.

"Ni silabi moja tu, Baba. *Si*. Nimekuta mahali ambapo mama yuko kwenye irabu ndefu, nikatoa *si*, nikaunga. Mshono hausikiki. Siku tatu nimefanya hilo tu."

Mapafu akasogeza kiti karibu na spika. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Upumue. Ilikuwa sauti yake, hakuna mahakama ambayo ingekataa, na ilikuwa inamwambia mkewe neno ambalo mume mwenye akili angemwambia. Alimshika binti yake mkono, akamwomba amwachie sanduku usiku ule. Akaisikiliza mara kumi, mara ishirini. Alilala kitandani, kwa mara ya kwanza tangu ile kaseti, badala ya kwenye kiti. Asubuhi alinyoa ndevu, akatengeneza saksafoni mbili kabla ya saa nne, na akapiga mluzi.

Mimi simlaumu. Nani asingeichukua dawa ile? Mtu anakupa jana yako imeshonwa upya, mshono hauonekani, unaambiwa ivae. Angekuwa mjinga kuikataa siku ile ya kwanza.

Siku ya pili alitaka kufanya mazoezi nayo kwa dhati. Alichukua saksafoni ndogo, akajipanga kusindikiza sauti ya mkewe, na kwa kuwa sasa alikuwa anasikiliza kama mpigaji na si kama mjane, alisubiri kusikia mwimbaji atavuta pumzi wapi. Upumue, ikasema sauti. Mkewe hakupumua. Upumue. Hakupumua. Aliuvuta mstari mpaka ule uzi wa mwisho. Mapafu akashusha saksafoni. Akarudisha nyuma. Mume anambembeleza mkewe avute pumzi, na mke amekaza shingo, hataki, anaimba tu mpaka aishiwe.

Akampigia simu Waya kazini.

"Irudishe *si*."

"Baba, nini tena? Si ulisema umelala?"

"Nimelala, ndiyo. Sasa nimeamka. Ukiitoa hiyo *si*, mama yako anaonekana mkaidi. Anaambiwa apumue, hataki, kama mtu aliyejitakia. Mama yako hakuwa mkaidi. Alinitii. Kile unachokisikia pale, ule mstari mzima, ni kunitii mimi. Nikijisafisha, namchafua yeye."

Kwenye simu zikasikika sauti za studio, mtu akisoma matangazo ya vifo.

"Watu watakusikia," Waya akasema.

"Wanisikie."

Jumapili ukumbi wa shule ulijaa kiasi chake: kwaya nzima, wazazi wa wanafunzi, wastaafu wawili wa bendi, na watu waliokuja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Viti vya plastiki, ubao wenye hesabu ambazo hazikufutwa. Mapafu alivaa suti aliyoshonewa na mkewe, ambayo sasa haikufunga kifungo. Waya alikaa pembeni, sanduku juu ya dawati.

Akapiga noti nne kwa saksafoni kubwa. Waya akatia kitanzi. Noti zikaanza kushuka zenyewe, zikajaa ukumbi, zikarudi, zikashuka, na watu walioketi nyuma wakaacha kutafuna. Mapafu akachukua ile ndogo, akapiga kilio mara moja peke yake. Kisha mkewe akaingia, na wanakwaya wakatazamana. Mwalimu wa kwaya akavua miwani.

Ulipofika mstari wa katikati, ikaja sauti ya mwanamume, kavu, ya mtu aliye kazini: "Usipumue… usipumue…" Wapo waliodhani ni sehemu ya utunzi. Mapafu alikuwa ameshikilia noti pamoja na mkewe, na pumzi alikuwa nayo, nyingi ajabu, ya kumfikisha ng'ambo na kurudi. Akaikata noti. Akaondoa mdomo mahali pale pale alipokataza, akavuta pumzi kwa sauti, mbele ya kipaza. Sanduku likainasa. Likairudisha. Mkewe akaendelea kuupanda mstari bila kupumua, na chini yake, kila noti nne zilipozunguka, kulikuwa na mtu anavuta pumzi, tena, na tena, amechelewa. Mapafu hakuweza kuupata tena mlango wa kuingilia. Alisimama na saksafoni kifuani mpaka uzi wa mwisho, mpaka Waya alipopunguza kifundo na vyote vikaisha.

Watu walipiga makofi taratibu, kama wasio na hakika. Waya alikuwa anakunja nyaya na hakuinua uso. Mama mmoja mnene, mzazi wa yule msichana wa klarineti, ndiye mwenye machungwa, alipita katikati ya viti akaja kumshika Mapafu mkono.

"Mwalimu, yule aliyeimba ni nani? Jamani, ana pumzi yule."

"Ni mke wangu," akasema Mapafu. "Pumzi hakuwa nayo. Nilimwambia asipumue, akanitii."

Yule mama akadhani ni utani wao wanamuziki, akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha.